Sheria za kitaifa dhidi ya unyanyasaji na ubaguzi kazini: nani anabeba mzigo wa kuthibitisha?

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam.

Mada ya unyanyasaji na ubaguzi kazini huletwa jukwaani mara kwa mara, na karibu kila mara mjadala hukwama kwenye swali la kama nchi fulani ina sheria au haina. Kwa maoni yangu swali hilo limepitwa na wakati. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958, umeridhiwa na nchi wanachama karibu zote, na kila nchi iliyouridhia imejifunga kuwa na sera ya kuondoa ubaguzi katika ajira kwa misingi ya rangi, jinsi, dini, maoni ya kisiasa, asili ya kitaifa na asili ya kijamii. Sheria zipo. Kinachoamua kama mfanyakazi aliyeonewa atapata haki yake au ataondoka mikono mitupu ni vifungu ambavyo wengi wetu huviruka tunaposoma: nani anatakiwa kuthibitisha nini mbele ya mwamuzi, mlalamikaji analindwaje akishalalamika, na ana muda gani wa kufungua shauri. Katika hayo, la kwanza ndilo zito kuliko mengine, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Nianze na ramani fupi. Nchi nyingi hupita katika moja ya njia tatu, au huzichanganya. Njia ya kwanza ni sheria ya kazi, ambayo huutazama unyanyasaji kama aina mojawapo ya ubaguzi. Tanzania ni mfano mzuri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa orodha ndefu ya misingi, ikiwamo kabila, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na maambukizi ya VVU, kisha inatamka kwamba kumbughudhi mfanyakazi kwa msingi wowote kati ya hiyo ni ubaguzi pia. Afrika Kusini ilifanya hivyo hivyo katika sheria yake ya usawa katika ajira ya mwaka 1998. Marekani ilifika mahali hapo kwa mlango wa mahakama: Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 haikutaja unyanyasaji wa kijinsia hata kidogo, na ilikuwa mwaka 1986 tu ambapo Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mazingira ya kazi yaliyojaa udhalilishaji ni ubaguzi wa kijinsia, hata kama mfanyakazi hakupoteza mshahara wala cheo.

Njia ya pili ni sheria ya jinai. Kenya, kwa mfano, ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, ambayo inamgusa mtu mwenye mamlaka anayeendelea kumshawishi mtu kingono ilhali anajua kuwa hatakiwi. Tanzania nayo, katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa linalojitegemea: mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote, suala hilo ni la TAKUKURU, taasisi ya nchi hiyo ya kuzuia na kupambana na rushwa. Njia ya tatu ni sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, ambayo humtaka mwajiri azuie madhara ya kiakili kama anavyotakiwa kuzuia mashine isiyo na kinga.

Sasa nije kwenye kiini. Chukueni mfano wa mhasibu msaidizi ambaye amekaimu nafasi ya mhasibu kwa muda mrefu, na jalada lake halina onyo hata moja. Anamwarifu mkuu wa idara kwamba ni mjamzito. Muda mfupi baadaye nafasi ile ile aliyokuwa akiikaimu inatangazwa. Anaomba, anafanyiwa usaili, na nafasi inakwenda kwa mwenzake mwenye uzoefu mdogo kuliko wake. Barua anayopewa ina sentensi mbili: anashukuriwa kwa kuomba, na anaelezwa kwamba ushindani ulikuwa mkubwa. Hakuna mwajiri atakayeandika kwamba sababu ni ujauzito. Alama za usaili, vigezo vilivyotumika, dokezo la kamati ya ajira na barua pepe walizoandikiana wakubwa, vyote viko mikononi mwa mwajiri. Ukimwambia mama huyu kwamba anayedai ndiye athibitishe, umemtuma akachote maji kisimani huku kamba umeishika wewe.

Ndiyo maana sheria zilizoandikwa kwa uangalifu huugawa mzigo wa uthibitisho. Kwa Tanzania, mfanyakazi akionyesha kwa ushahidi wa awali kwamba kuna dalili za ubaguzi, wajibu unahamia kwa mwajiri, naye ndiye atakayethibitisha ama kwamba jambo hilo halikutokea kama linavyodaiwa, ama kwamba lilitokea lakini halikutokana na misingi iliyokatazwa. Katika mfano wetu, mama anatakiwa kuonyesha mambo manne tu: kwamba ni mjamzito, kwamba mwajiri alijua, kwamba alikuwa na sifa, na kwamba nafasi ilikwenda kwa mwingine katika mazingira yanayozua swali. Baada ya hapo mwajiri alete fomu za alama. Kama fomu zipo, zimesainiwa siku ya usaili na zinaonyesha kwamba aliyechukuliwa alifanya vizuri zaidi, shauri limekwisha na mwajiri ameshinda kihalali. Kama fomu hazipo, au vigezo vilibadilishwa baada ya usaili, mwamuzi ana haki ya kuhitimisha kwamba maelezo ya mwajiri ni ya kubuni.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakwenda mbali zaidi kwa maneno yake, kwani inamtwika mwajiri mzigo mara tu ubaguzi unapodaiwa, ingawa mahakama bado humtaka mlalamikaji aonyeshe msingi wa dai lake. Afrika Kusini inatofautisha: ukidai ubaguzi kwa msingi ulioorodheshwa katika sheria, mwajiri ndiye ajitetee, ukidai kwa msingi ambao haumo katika orodha, wewe ndiye uthibitishe. Umoja wa Ulaya uliwataka wanachama wake wahamishe mzigo katika mashauri ya ubaguzi wa kijinsia kwa agizo la mwaka 1997. Marekani, inayosifiwa sana katika eneo hili, ndiyo yenye moyo mgumu zaidi: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1973, mwajiri anatakiwa kutaja sababu halali tu, na akishaitaja, mzigo wa kuonyesha kwamba sababu hiyo ni kisingizio unabaki kwa mfanyakazi mpaka mwisho.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza kama sheria ya nchi fulani ina meno, mimi huanza kwa kusoma kifungu cha uthibitisho kabla ya orodha ya misingi.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa andiko zito, mkuu. Nina swali ambalo naona andiko lako limelipita kwa mbali. Bosi wangu wa zamani alikuwa anatutukana wote, wanaume kwa wanawake, wa kabila lake na wa makabila mengine, wenye dini na wasio nayo. Alikuwa anamwita mtu mbele ya wateja na kumwambia kwamba hana akili. Kwa maelezo yako, kwa kuwa hakumbagua mtu, sheria haina la kusema?

Mwanzisha uzi

Ndugu, umegusa pengo kubwa zaidi lililopo katika sheria za kazi za nchi nyingi. Sheria inayouona unyanyasaji kama tawi la ubaguzi humlinda mtu anayetukanwa kwa sababu ya jinsi yake au kabila lake, na humwacha yule anayetukanwa kwa sababu tu bosi ni katili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazi mwaka 1998 kwamba sheria ya ubaguzi haikutungwa iwe kanuni ya adabu ya jumla mahali pa kazi. Bosi anayewaonea watu wote kwa usawa, ajabu ya mambo, anakuwa na utetezi.

Nchi kadhaa zimeliziba pengo hilo kwa sheria inayosimama yenyewe. Uswidi ilitangulia Ulaya nzima kwa kanuni ya mwaka 1993 iliyohusu mfanyakazi kutengwa na kuonewa kazini. Ufaransa ilifuata mwaka 2002 kwa kuufanya unyanyasaji wa kimaadili kuwa kosa katika sheria ya kazi na katika sheria ya jinai pia, pasipo kudai kwamba uwe umetokana na jinsi, rangi au dini. Kinachoangaliwa ni vitendo vinavyojirudia ambavyo vinaharibu mazingira ya kazi kiasi cha kuumiza utu, afya au mustakabali wa mfanyakazi. Sheria hiyo ilijaribiwa kwa kishindo katika shauri la kampuni ya simu ya France Télécom, ambayo ilikuwa imeazimia kupunguza wafanyakazi wapatao 22,000 kwa kuwahamisha hovyo na kuwakatisha tamaa ili waondoke wenyewe, na baadhi yao wakajiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni hiyo pamoja na waliokuwa vigogo wake, na Januari 2025 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikathibitisha kwamba sera ya kampuni inaweza yenyewe kuwa unyanyasaji, hata pasipo kigogo kumjua kwa sura mfanyakazi aliyeumia. Kwangu mimi huo ni uamuzi mkubwa kuliko sheria kadhaa zilizotungwa kwa mbwembwe. Japani nayo ina sheria inayomtaka mwajiri azuie unyanyasaji wa kimamlaka. Ilianza na kampuni kubwa Juni 2020, kisha ikazifikia kampuni ndogo na za kati Aprili 2022.

Juu ya hayo kuna Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Mkataba huo hauhitaji msingi wa kibaguzi. Unatazama tabia na vitendo visivyokubalika, au vitisho vya kuvitenda, ambavyo vinalenga au vinaweza kuleta madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi, na tukio moja tu linatosha. Namibia, Afrika Kusini, Uganda na Rwanda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizouridhia. Hata hivyo, kuridhia ni jambo moja na kuandika upya sheria ya ndani ni jambo jingine, na mfanyakazi hafungui shauri kwa kutumia mkataba wa Geneva pale sheria ya nchi yake inaponyamaza.

Kwa bosi uliyemweleza, mahali ambapo hakuna sheria ya aina hiyo, njia iliyobaki ni kudai kwamba mwajiri ameshindwa kutimiza wajibu wake wa kulinda afya ya mfanyakazi, au kudai kwamba amelifanya liwe jambo lisilovumilika kuendelea na kazi. Hili la pili nitalirudia nikiulizwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi niko upande wa mwajiri. Nasimamia masuala ya utumishi katika taasisi yenye wafanyakazi wengi kiasi. Naafiki mengi, lakini tusijifanye hatujui kwamba wapo wanaotumia tuhuma hizi kama silaha. Mfanyakazi akiona kikao cha nidhamu kinakuja, ghafla anakumbuka kwamba msimamizi wake alimtongoza mwaka uliopita. Sheria inayompa mwajiri mzigo wa kuthibitisha haimfungulii mlango mtu wa namna hiyo?

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni halali na nisingependa ipuuzwe. India inaweza kutusaidia, kwa kuwa historia yake katika jambo hili ni ya pekee. Mwaka 1997 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, katika shauri lililotokana na kubakwa kwa mfanyakazi wa maendeleo ya wanawake huko Rajasthan, iliona kwamba Bunge halijatunga sheria na ikaweka miongozo yake yenyewe, iliyotumika kama sheria mpaka Bunge lilipotunga sheria kamili mwaka 2013. Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi aunde kamati ya ndani inayoongozwa na mwanamke, yenye wanawake wasiopungua nusu na mjumbe mmoja kutoka nje ya taasisi. Kuhusu hofu yako, sheria inaruhusu hatua zichukuliwe dhidi ya mlalamikaji aliyesema uongo kwa nia mbaya, lakini inatamka papo hapo kwamba kushindwa kuthibitisha lalamiko si sawa na kusema uongo, na kwamba nia mbaya yenyewe lazima ithibitishwe kwa uchunguzi. Nakubaliana na msimamo huo, ingawa ningependelea kifungu cha adhabu kisiwepo kabisa, maana kinawatisha wakweli kuliko kinavyowatisha waongo.

Naomba pia tutenganishe mambo mawili. Kuhamisha mzigo hutumika katika shauri la kazi, ambapo kipimo ni uwezekano gani una uzito zaidi. Katika kesi ya jinai mzigo haumhami mwendesha mashtaka hata siku moja, na mtuhumiwa anatiwa hatiani pale tu pasipo na shaka ya maana. Kwa hiyo msimamizi anaweza kuachiwa huru na mahakama ya jinai, na mwajiri akaamriwa kulipa fidia kwa tukio lile lile, na pasiwe na mgongano wowote. Wengi huliona jambo hili kama kichekesho cha sheria. Mimi naliona ni sahihi, kwa kuwa jela na fidia si adhabu za uzito mmoja.

Na kwa mwajiri mwenye nia njema, mzigo huo si mzito kama unavyosikika. Mfanyakazi wako anayekumbuka tuhuma siku ya kikao atakutana na barua za onyo za tangu awali, zenye tarehe na saini. Mwajiri anayeumizwa na kifungu cha uthibitisho ni yule anayefanya maamuzi ya watu kwa mdomo na kuyatafutia maandishi baadaye.

Mchangiaji wa tatu

Vipi sisi tulio kwenye sehemu zenye watu watano au sita? Na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, analindwa?

Mwanzisha uzi

Inategemea nchi, na usome idadi kwa makini. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, hivyo aliye chini ya hapo hutegemea sheria ya jimbo lake. Kenya ina idadi ya 20, lakini idadi hiyo inahusu wajibu wa mwajiri kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Katazo lenyewe linamhusu hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja, na nimewahi kusikia watu wakilichanganya jambo hili mpaka mbele ya afisa kazi. India, kwa walio katika sehemu zenye watu chini ya 10, na kwa wanaomlalamikia mwajiri mwenyewe, inazo kamati za wilaya, ambazo zinapokea hata malalamiko ya wafanyakazi wa majumbani. Kuhusu walio mafunzoni, wanaojitolea na hata wanaotafuta kazi, Mkataba Na. 190 unawataja wote kwa jina, na unafika kwenye safari za kikazi, makazi yanayotolewa na mwajiri na mawasiliano ya kikazi kwa njia ya simu na intaneti.

Mchangiaji wa nne

Dada yangu amelalamika rasmi. Tangu siku hiyo amehamishiwa ofisi ya peke yake, hapewi kazi, na ameanza kuambiwa kwamba kiwango chake kimeshuka. Anataka kuacha kazi kesho. Mnamshauri nini?

Mwanzisha uzi

Pole kwake. Anachopitia kina jina katika sheria nyingi: ni kulipiziwa kisasi kwa sababu ya kulalamika, na ni dai linalojitegemea. Katika tume ya serikali ya Marekani inayosimamia fursa sawa katika ajira, kwa miaka mingi sasa kulipiziwa kisasi ndiyo tuhuma inayotajwa zaidi kuliko ubaguzi wa rangi, wa jinsi au wa umri. Uzuri wa dai hili ni kwamba linaweza kusimama hata kama lalamiko la mwanzo litashindwa, ilimradi alilalamika kwa nia njema. Ushahidi wake mkuu ni kalenda: kama tathmini za utendaji zilikuwa nzuri mpaka wiki aliyolalamika na zikaporomoka wiki iliyofuata, mwajiri ana kazi ya kueleza kilichotokea katikati. Atafute nakala za tathmini hizo leo, maana akishatoka hatazipata tena kwa urahisi, na asichukue nyaraka za siri za ofisi ambazo hazimhusu, kwani hapo atakuwa amempa mwajiri sababu halali ya kumfukuza.

Kuhusu kuacha kazi, asikurupuke. Nchi nyingi zinakubali kwamba mfanyakazi aliyelazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Kwa Tanzania hilo limo katika sheria ya mwaka 2004, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinautaja unyanyasaji wa kijinsia kama mfano. Lakini kanuni hizo hizo, zinapozungumzia mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki, zinamtarajia awe ametumia kwanza taratibu za malalamiko zilizopo, isipokuwa kama kuna sababu ya msingi ya kutofanya hivyo. Barua ya kujiuzulu inayosema "naacha kazi kwa sababu binafsi, nashukuru kwa ushirikiano" huliua shauri la aina hii kabla halijazaliwa. Kama itafika hatua ya kuandika barua, iseme kilichotokea, lini, alimlalamikia nani, na alijibiwa nini au hakujibiwa.

Na muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Tanzania, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, mgogoro unaohusu kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Akichelewa ataomba kuongezewa muda, na ataeleza sababu kwa kila siku aliyochelewa. Mikutano ya ndani ya ofisi, ahadi za "tunalifanyia kazi" na mazungumzo ya pembeni kwa kawaida hayasimamishi siku hizo. Kama yuko nchi nyingine, aulize ofisi ya kazi iliyo karibu naye juu ya muda huo kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, kisha kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, amtafute katibu wa tawi kabla ya kesho, aende na barua ya lalamiko lake yenye muhuri wa mapokezi.